Franschhoek au Tulbagh: ukiwa na siku mbili Cape Town, uende kijiji kipi cha mvinyo?

Ukienda Cape Town kwa harusi, kongamano au mahafali ya mtoto, ukabakiwa na siku mbili kabla ya ndege ya kurudi, kila mwenyeji atakwambia usiondoke bila kufika kwenye mashamba ya mizabibu. Atakachosahau kukwambia ni uende wapi. Mashamba yametanda nyuma ya mji kwa kilomita na kilomita, na vijiji ni vingi. Stellenbosch naiweka kando. Ni mji wa chuo kikuu, una foleni za magari kama mji mwingine wowote. Paarl nayo hivyo hivyo. Ukitaka kijiji hasa, cha mtaa mmoja mkubwa, kanisa la kale na milima iliyokikumbatia, mjadala unabaki kati ya Franschhoek na Tulbagh.

Nililala katika vyote viwili kwa safari moja ya mwezi wa saba, nikiwa na shemeji yangu. Yeye ni mtu wa Dodoma, kwao Hombolo wana ekari kadhaa za zabibu, na mvinyo anaujua kuanzia shinani. Mimi ni mtu wa Tanga na sinywi, kwa hiyo usukani ulikuwa wangu mwanzo hadi mwisho. Nalitaja hili mapema kwa sababu macho ya mnywaji na ya asiyekunywa hayaoni kijiji kimoja, na humu utapata yote mawili.

Aliye na haraka achukue jibu hili aende zake: kama ni siku moja bila kulala, Franschhoek. Kama kuna usiku wa kulala, Tulbagh. Mwenye muda tuendelee.

Njia, na nani anashika usukani

Franschhoek iko kilomita zipatazo 75 kutoka Cape Town. Unashika barabara kuu ya N1, unakata kuelekea bondeni, na kwa saa moja na ushei umefika. Tulbagh ni kama kilomita 120. Unaanza na N1 hiyo hiyo, unashika R44 kupitia Wellington, kisha unapenya mwanya wa mlima uitwao Nuwekloof na bonde zima linafunguka mbele yako. Hiyo ni saa moja na nusu kwa mwendo wa heshima.

Kwetu sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda kuna nafuu, kwani magari kule hupita kushoto kama nyumbani. Balaa liko kwenye glasi. Kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva Afrika Kusini ni chini ya gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu, na kuonja katika mashamba matatu kunakuvusha hapo kabla hujajitambua. Daladala za kukupeleka shamba hadi shamba hazipo huku wala kule. Kabla hamjaulizana mvinyo gani ni mzuri, ulizaneni nani anaendesha.

Hapa Franschhoek inaiacha Tulbagh mbali sana. Tangu mwaka 2012 kuna tramu ya mvinyo inayopita juu ya reli ya zamani, iliyofunguliwa 1904, ikisaidiana na mabasi kwa mashamba ambayo reli haiyafikii. Njia zake zimepewa majina ya rangi. Unakata tiketi ya njia moja, unashuka shamba unalolitaka, unaonja, unakula, unapanda inayofuata. Shemeji aliipanda asubuhi akiwa na koti lake la kijivu na uso wa bwana shamba anayekwenda kukagua. Jioni alishuka akaniamkia shikamoo. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita.

Tulbagh haina kitu cha namna hiyo. Mashamba yako karibu, mengi ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka mtaa mkuu, lakini lazima mmoja wenu asiguse glasi. Kama nyote ni wanywaji na hamna dereva wa kukodi, swali limejijibu, nendeni Franschhoek.

Kijiji cha Wafaransa ambacho hakisemi Kifaransa

Jina Franschhoek ni la Kiholanzi, maana yake kona ya Wafaransa. Kabla ya hapo bonde liliitwa Olifantshoek, kona ya tembo, kwa sababu tembo walikuwa wakishuka humo kuzaa, na barabara ya mlimani inayotoka kijijini leo inafuata kwa sehemu njia waliyoikanyaga wao. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti. Wengi walikimbia nchi, na wapatao 200 walichukuliwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, ile VOC, wakaletwa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1688. Ndio Wahuguenot. Walipewa ardhi bondeni, na baadhi yao walikuwa wamekuja na ujuzi wa mizabibu.

Kifaransa chenyewe hakikudumu. Kampuni ilitaka Kiholanzi makanisani na shuleni, na baada ya vizazi viwili hivi lugha ikawa imezikwa. Kilichobaki ni majina ya ukoo, de Villiers, du Toit, Joubert, le Roux, yanayotamkwa Kiafrikana kabisa, lugha ya huko iliyotokana na Kiholanzi, pamoja na majina ya mashamba na bendera za rangi tatu zinazotundikwa mtaani kila Julai kwa sherehe ya siku ya Bastille, sikukuu ya taifa ya Wafaransa. Sisi tulizikuta bado zinapepea. Shemeji aliuliza mhudumu kama kuna Mfaransa yeyote hapa; akajibiwa wapo, watalii.

Mwisho wa mtaa mkuu kuna mnara wa kumbukumbu ya Wahuguenot, uliozinduliwa 1948. Una matao matatu kwa ajili ya Utatu Mtakatifu, na mbele yake mwanamke wa jiwe amesimama juu ya dunia, ameshika Biblia mkono mmoja na mkono mwingine mnyororo uliokatika. Ni mnara mzuri, unaakisika kwenye bwawa, na kila mtu hupiga picha. Lakini mgeni aliyekulia pwani yetu hawezi kuutazama mnyororo ule akaishia kwenye uzuri. Waliokimbia dhuluma Ufaransa walifika hapa wakalimisha watumwa. Bonde hili lote lilipandwa na kuvunwa na watu walioletwa kwa meli kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Afrika Mashariki. Wengi wa hao wa kwetu walitoka Msumbiji, ndiyo maana Rasi waliitwa Masbieker. Lakini meli za VOC zilifika hadi Unguja kununua watu, na kumbukumbu za safari zao za 1776 hadi 1778 zipo mpaka leo. Ukikutana Cape Town na mtu ambaye ukoo wake ni September au April, mara nyingi unakutana na jina ambalo bwana alimpa mtumwa.

Kwa sababu hiyo napendekeza, na hili ndilo pendekezo langu lenye uzito kuliko yote humu, kwamba anayechagua Franschhoek aingie au atoke kwa njia ya Pniel. Ni kama robo saa hivi kwa gari, kwenye R310 inayopanda kuelekea Stellenbosch. Pniel ilianzishwa 1843 kama kituo cha misheni kwa watu waliotoka utumwani. Utumwa ulifutwa rasmi Rasi tarehe 1 Desemba 1834, lakini waliachiwa hasa 1838, baada ya miaka minne ya kulazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina la uanafunzi. Jina limetoka Kitabu cha Mwanzo, pale Yakobo alipouona uso wa Mungu. Hakuna tramu, hakuna bendera. Kuna kanisa jeupe, jumba dogo la kumbukumbu, nyumba zenye bustani za mboga na wazee waliokaa nje wakiota jua. Tulisimama dakika arobaini. Mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi, tukamwambia Tanzania, akatikisa kichwa kama aliyeambiwa habari ya jamaa wa mbali, akatuonesha kwa kidole mlima Simonsberg na kututajia majina ya mashamba yote yaliyo chini yake, moja baada ya jingine. Katika lipi babu zake walifanya kazi, hakusema, nasi hatukuuliza.

Mtaa uliodondoshwa na tetemeko

Tulbagh ina hadithi nyingine kabisa. Imepewa jina la gavana Ryk Tulbagh, aliyetawala Rasi kati ya 1751 na 1771, na kanisa lake la kale, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa 1743. Mtaa wa Kanisa, Kerkstraat kwa Kiafrikana, ndio kijiji chenyewe. Upande mmoja umejipanga kwa nyumba za Kiholanzi cha Rasi: kuta nene zilizopakwa chokaa, madirisha ya mbao yenye vioo vidogo vidogo, paa la nyasi, na katikati ya paa uso wa nyumba umeinuka juu na kujipinda kama wimbi.

Ukiutazama utadhani umekaa hivyo miaka mia mbili. Sivyo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.3 lilipiga bonde hili, likaua watu na kuuangusha mtaa karibu wote. Kumbe chini ya plasta na mabati yaliyoongezwa na vizazi vya karibuni, kuta za zamani zilikuwa bado zipo, na zilipopasuka zikaonesha sura yake ya awali. Badala ya kuleta matingatinga kumalizia kazi, mradi mkubwa wa ukarabati ulianzishwa, msanifu majengo Gawie Fagan akiwa mstari wa mbele, na nyumba 32 zikarudishwa kwenye sura hiyo ya kale. Zote zilitangazwa kuwa urithi wa taifa, na inasemwa hakuna mtaa mwingine Afrika Kusini wenye majengo mengi namna hiyo yaliyolindwa mahali pamoja. Kwenye makumbusho kuna chumba cha picha za kabla na baada. Anza hapo. Ukitoka nje baada ya kuona ukuta ule ule ukiwa kifusi, mtaa unauangalia kwa jicho jingine.

Mimi nina neno moja la lawama juu ya uzuri huo. Umenyooka mno. Baadhi ya nyongeza za karne ya 19 ziliondolewa ili mtaa ufanane na enzi moja, na nyakati za asubuhi, kabla watu hawajatoka, unahisi kama uko ndani ya picha iliyotiwa fremu. Anayependa mji mkongwe wenye tabaka zake zote, kama Mji Mkongwe wa Unguja ambako msumari wa jana uko kwenye mlango wa karne iliyopita, atakiona hiki ni kisafi kupita kiasi.

Lakini subiri jioni. Franschhoek, jua likizama, mtaa mkuu unageuka kuwa wa migahawa na magari ya kifahari yanayotafuta pa kuegesha. Tulbagh, jua likizama, hakuna kinachotokea. Milima iko pande tatu, Witzenberg upande mmoja na Winterhoek kaskazini, na tulipokuwa pale Winterhoek ilikuwa na theluji kileleni. Mwanga wa mwisho unaipiga theluji ile inakuwa rangi ya waridi, kisha ya majivu, kisha giza. Unasikia mbwa akibweka mbali, unasikia harufu ya kuni. Mwenye nyumba tuliyolala alitugongea saa mbili usiku kuuliza kama kuni zinatosha, na alipoona hatujui kuwasha moto wa ndani akauwasha mwenyewe huku akimweleza shemeji, kwa Kiingereza cha Kiafrikana kizito, kwamba kuni alizotuletea ni mashina ya mizabibu ya zamani yaliyong'olewa. Shemeji alilichukua gogo moja, akalizungusha mkononi, akalinusa kabla ya kuliweka motoni.

Glasi yenyewe

Hapa namwachia shemeji, kwani mimi ninachojua ni juisi.

Hukumu yake ni kwamba Franschhoek ina aina nyingi za kuchagua, na Tulbagh ina muda wa kukueleza. Bonde la Franschhoek linajivunia Semillon, zabibu nyeupe ambayo mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mizabibu yote ya Rasi, na sasa imebaki kidogo sana. Kuna mashina bondeni yaliyopandwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na bado yanazaa. Vilevile kuna mvinyo wa mapovu unaochachuliwa mara ya pili ndani ya chupa, kwa utaratibu wa Champagne. Kwa kuwa jina hilo ni la Wafaransa, wao huuita Cap Classique. Shemeji alionja aina nne za mapovu hayo kwa dakika ishirini, na mwelezaji alikuwa ameshahamia meza nyingine kabla hajamaliza swali lake la pili.

Tulbagh ndiko alikojibiwa. Mapovu wanayo pia, tena ya kusifika, katika shamba la Twee Jonge Gezellen, jina lenye maana ya vijana wawili marafiki, lililoanza 1710. Shamba hilo ndilo lililojulikana kwa kuvuna usiku. Bonde la Tulbagh huwaka moto mchana wa kiangazi na kupoa sana usiku, hewa baridi ikinaswa katikati ya milima, kwa hiyo vibarua huingia shambani na taa vichwani na zabibu hufika kiwandani zikiwa baridi bila gharama ya kuzipoza. Kwa mvinyo mwekundu, Shiraz ya shamba la Saronsberg ndiyo aliyobeba chupa mbili.

Kilichomkalia moyoni lakini hakikuwa ndani ya chupa. Julai ni wakati wa kupogoa, na katika shamba moja tuliwakuta watu wanane wakitembea mstari kwa mstari na mikasi, wakiacha macho mawili, yale machipukizi, kwenye kila tawi. Akawasogelea, akauliza kwa ishara kama anaruhusiwa, akapewa mkasi. Akakata matawi matatu. Wakamkubali.

"Hawa huvuna mara moja tu kwa mwaka?" akaniuliza tulipokuwa tunarudi kwenye gari.

"Ndivyo walivyosema. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi hivi."

"Mara moja! Sisi mara mbili, na bado hatujatajirika."

Dodoma, kwa wasiojua, mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi na kuuamsha kwa maji, ndiyo maana unazaa mara mbili. Huku Rasi unalala wenyewe miezi yote ya baridi, na zao linatoka moja. Yaani mizabibu tuliyoiona ilikuwa vijiti vitupu, mashamba ya kahawia kwenye ardhi iliyoota majani ya kufunika udongo. Kwa anayetaka picha za majani ya kijani na vichala vinavyoning'inia, aje kati ya Desemba na Machi, na avumilie joto la zaidi ya nyuzi 30. Rangi ya dhahabu ni Aprili na Mei. Juni hadi Agosti ni mvua, baridi, moto wa kuni na bei za malazi zilizoshuka kidogo. Msimu huo wa baridi Tulbagh inapendeza kuliko Franschhoek kwa sababu ya theluji ile. Kiangazi mambo yanageuka, kwa kuwa Tulbagh inakuwa tanuri.

Wasiokunywa, na tumbo

Asiyekunywa Franschhoek hapotezi siku. Kuna makumbusho ya magari katika shamba la L'Ormarins, yenye mkusanyiko wa magari zaidi ya 200 ambayo huoneshwa kwa zamu, yapatayo 80 kwa wakati mmoja. Niliingia kwa nusu saa nikatoka baada ya saa mbili. Kuna makumbusho ya Wahuguenot, maduka ya chokoleti, na njia ya mlimani yenye sehemu za kusimama kutazama bonde lote. Ukiwa njiani kuna shamba la Babylonstoren, lenye bustani ya mimea zaidi ya 300 ambayo yote ama inaliwa ama ni dawa. Wenye watoto waende huko moja kwa moja.

Tulbagh, asiyekunywa anapata mtaa, makumbusho, mashamba ya matunda na zeituni, matembezi ya miguu, na utulivu. Mtoto wa miaka kumi atachoka kabla ya saa sita mchana.

Chakula ni sifa kubwa ya Franschhoek. Migahawa yake hutajwa miongoni mwa bora Afrika Kusini, na iliyo maarufu huwekewa nafasi wiki nyingi kabla. Usifike ukitarajia kukaribishwa tu. Tuligeuzwa mlangoni mara mbili, kwa adabu sana. Niliishia kula trauti wa kuvuta moshi, samaki wanaofugwa huko huko, na sikujuta. Tulbagh orodha ni fupi. Nilipewa bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na yai juu, yenye bizari na utamu kidogo, ikiletwa na wali wa manjano wenye zabibu kavu. Wali ule ulinipa uso wa nyumbani. Mapishi hayo yana mizizi kwa watu wale wale walioletwa na meli za VOC kutoka Asia, na ukila unaelewa bahari hii ni moja.

Waislamu waulize kabla ya kuagiza. Cape Town halali iko kila mahali kwa kuwa Waislamu ni wengi na wa tangu zamani, lakini ukivuka milima inakuwa adimu katika vijiji vyote viwili. Ile bobotie nilihakikishiwa kwa simu kutoka kwa mchinjaji kabla sijagusa kijiko.

Fedha, Jumapili, na lugha

Franschhoek ni ghali. Chumba, chakula, ada ya kuonja, hata kahawa, kila kitu kimepangwa kwa mfuko wa Ulaya. Tulbagh usiku wetu wenye moto, jiko na baraza uligharimu chini ya nusu ya chumba cha Franschhoek ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Katika mashamba madogo ya Tulbagh aliyekumiminia mara nyingine ndiye aliyeutengeneza, na ukinunua chupa ada ya kuonja anaweza kuisahau.

Dosari ya Tulbagh ni Jumapili. Tulipanga shamba moja dogo tulilosifiwa sana, tukafika Jumapili saa nne asubuhi, tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo na mbwa mwekundu anatutazama bila hata kujisumbua kubweka. Wengi kule hufunga mapema Jumamosi, na wengine Jumapili hawafungui kabisa. Piga simu Ijumaa. Franschhoek Jumapili ndiyo siku yao ya mavuno.

Kuhusu lugha, Franschhoek Kiingereza kinatosha. Tulbagh ni Kiafrikana kwanza, na ukianza na "goeie môre" uso wa mtu unafunguka. Kiswahili nacho kilitukuta pasipotarajiwa. Pale Franschhoek, kijana anayelinda magari alisikia nikimkemea shemeji kwa kuacha mlango wazi, akaja mbio.

"Habari yenu! Muko batu ba Tanzania?"

Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwaka wa saba Afrika Kusini. Ndiye aliyetueleza ni wapi wafanyakazi wenyewe hula mchana, nyuma ya mtaa mkuu, kwa bei ya kibinadamu, na ndiye aliyetuonya kwamba tusiuone mvinyo huu kwa jicho moja. Katika mashamba ya Rasi kulikuwa na mtindo ulioitwa dop, kibarua kulipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, na hata baada ya kupigwa marufuku uliendelea kwa miaka mingi. Ulevi na watoto waliozaliwa na madhara yake bado wapo katika vijiji vya wafanyakazi ambavyo tramu haipiti. "Kazi iko," alisema, "lakini kaka, bei ya chupa moja ule, mimi ninakula nayo juma."

Ukiweza vyote viwili

Siku mbili zinatosha kwa vyote, ukipanga hivi. Toka Cape Town alfajiri ya Ijumaa kwa njia ya Stellenbosch, ushuke Pniel, uingie Franschhoek saa nne, tramu hadi saa tisa. Kutoka hapo shika R301 kuelekea Paarl na Wellington. Kando ya barabara utaona lango la gereza lililoitwa Victor Verster, na mbele yake sanamu ya Nelson Mandela akiwa ameinua ngumi. Kwenye lango hilo ndiko alikotoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Wengi wanaokwenda kuonja mvinyo hupita pale kwa kasi ya kilomita 80 bila kugeuza shingo.

Toka Wellington una njia mbili za kufika Tulbagh. R44 ni ya tambarare. Nyingine ni ya mlimani, Bainskloof, iliyochongwa na wafungwa na kufunguliwa 1853, nyembamba, imejaa kona na ukuta wa mawe uliopangwa kwa mkono upande wa korongo. Ni ndefu kidogo, na usiipite gizani. Sisi tuliipita saa kumi na nusu jioni. Shemeji, ambaye hakuwa amenyamaza tangu Franschhoek, alinyamaza hadi tukatokea upande wa pili, kisha akasema ile ndiyo sehemu ya safari ambayo angekubali kuipita bila kuonja kitu.